Ngoma ndefu ya mpakani na ngozi ya kenge

Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake. Methali hiyo hutumiwa sana kuwasuta watu wenye kujipendelea, lakini leo tunapenda kuirudisha kwenye asili yake, yaani kwenye ngoma yenyewe na ngozi yenyewe. Katika nchi ya Busia na Tororo, mahali Uganda na Kenya zinapopakana, iko ngoma ndefu ipigwayo kwa viganja ambayo ngozi yake inavutwa na mikono mingi kwa wakati mmoja. Fundi anaivuta, desturi inaivuta, na sheria nayo inaivuta. Ni haki yetu kuuliza kama itadumu bila kupasuka.

Wasomaji wetu wengi, hasa vijana wa mijini, wakisikia habari za ngoma ya Kiafrika ya kupigwa kwa mikono huifikiria kwanza djembe, ngoma ya Afrika ya Magharibi iliyoenea duniani kote. Hatuna ugomvi na djembe. Tutaieleza humuhumu katika makala haya, kwa kuwa ina mafunzo makubwa kwetu. Lakini si vyema mtu akaisifu kuku wa jirani na hali wa kwake mwenyewe anakufa kwa njaa. Hebu basi tuanze na ya nyumbani.

JAMAA MOJA, MAJINA MENGI

Ngoma tunayoizungumzia ni ya gogo moja lililochongwa na kutobolewa ndani likawa kama bomba nene. Upande wa juu ni mpana kidogo, na juu yake imewambwa ngozi. Upande wa chini ni mwembamba, nao huachwa wazi ili sauti ipate njia ya kutokea. Haipigwi kwa fimbo. Hupigwa kwa viganja na vidole, na mpigaji huibana katikati ya mapaja, au huining'iniza begani kwa mkanda, akapata nafasi ya kucheza huku akipiga.

Majina yake ni mengi kama watu wake. Baganda huiita engalabi, na majirani zao Basoga huiita omugaabe. Jopadhola, yaani watu wa Padhola wakaao magharibi ya mji wa Tororo, wana ngoma ndefu waiitayo fumbo, na jina hilohilo ndilo jina la mchezo wake. Msomaji wa Kiswahili asije akadhani kwamba ameletewa kitendawili. Maneno ya lugha mbili yamekutana tu njiani. Upande wa Kenya, katika Kakamega, Waisukha na Waidakho wana isukuti, na wengi wa Magharibi ya Kenya huiita sukuti kwa ufupi. Isukuti huenda tatu pamoja, kubwa, ya kati na ndogo, nazo hulinganishwa na baba, mama na mtoto.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba ngoma za namna hii hazikufuata mipaka ya lugha. Baganda, Basoga na Waluhya ni watu wa lugha za Kibantu, ambao neno lao la ngoma halitofautiani sana na la Kiswahili. Jopadhola ni Wajaluo kwa asili, na katika lugha za Kijaluo ngoma huitwa bul. Hata hivyo wote wanayo ngoma ndefu ya kiganja. Watu waliojengeana, waliooana na waliozikana kwa miaka mingi hawakosi kuazimana pia vyombo vya furaha na vya majonzi.

Mpaka wenyewe si wa kale. Mpaka mwaka 1902 nchi yote ya Magharibi ya Kenya ya leo ilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Mwaka huo serikali ya Uingereza ikauhamisha mkoa huo ukawa chini ya utawala wa Afrika ya Mashariki, ambao baadaye uliitwa Kenya, na mwaka 1926 mstari wa mpaka ukaandikwa rasmi. Unaanzia kwenye Ziwa Viktoria, mto Sio unapomwaga maji yake, unapanda kuelekea mto Malaba, kisha unaufuata mto Lwakhakha hadi Mlima Elgon. Wasamia wakajikuta huku na huku. Wateso nao wakajikuta huku na huku. Hata jina la Busia ni la miji miwili inayotazamana, mmoja wa Uganda na mmoja wa Kenya. Upande wa Uganda, Busia ilikuwa sehemu ya wilaya ya Tororo mpaka mwaka 1997 ilipofanywa wilaya ya peke yake.

MTI, NGOZI NA MOTO

Sasa tutazame jinsi ngoma inavyoundwa, kwa maana mtu hawezi kuithamini kazi asiyoijua.

Fundi huanza na mti. Hutafutwa mti usio mgumu kupita kiasi, wenye kuchongeka bila kupasuka unapokauka. Mmojawapo uliopendwa sana katika nchi hizi ni mringaringa, ambao Waluhya huuita mukumari. Gogo hukatwa, likachongwa nje kwa shoka na tezo, kisha likatobolewa ndani kwa patasi ndefu, kidogo kidogo, toka ncha hii hadi ile. Kazi hii yahitaji subira. Ukuta ukiachwa mnene mno, ngoma huwa nzito na sauti hufifia. Ukichongwa mwembamba mno, gogo hupata ufa siku ya jua kali, na kazi yote ikawa hasara.

Baada ya mti ni ngozi. Kwa desturi, ngozi iliyopendwa kwa jamaa hii ya ngoma ni ya kenge, au burukenge kama wasemavyo wengine, yule mjusi mkubwa akaaye kandokando ya mito na vinamasi. Kenge wa mtoni ndiye mjusi mkubwa kuliko wote katika Afrika, na mwenye umri huweza kupita urefu wa mita 2. Hula samaki, konokono, mayai ya mamba na, kwa bahati mbaya yake, kuku wa watu. Kwa hiyo zamani mtu alipomwua kenge aliyevamia banda lake, hakuitupa ngozi. Ilipelekwa kwa fundi wa ngoma.

Kwa nini kenge, na hali ng'ombe na mbuzi wako tele? Sababu ni sauti. Ngoma yo yote hutoa sauti ya juu zaidi kwa kadiri ngozi yake ilivyo nyembamba, nyepesi na iliyokazwa. Ngozi ya ng'ombe ni nene, nayo hutoa mvumo mzito ufaao ngoma kubwa za fimbo. Ngozi ya kenge ni nyembamba lakini imara, na haitanuki ovyo. Kiganja kikiigusa ukingoni, hulia kwa ukali kama kijiti kikavu kinachovunjika. Sauti hiyo husikika hata katikati ya ngoma nyingine kumi, na ndiyo maana mwenye ngoma ndefu mara nyingi ndiye anayewaongoza wachezaji.

Ngozi huwambwa ikiwa mbichi au ikiwa imelowekwa, ikavutwa kwa nguvu pande zote, kisha ikapigiliwa vijiti vidogo vya mti kuzunguka mdomo wa gogo. Ikikauka hujikaza yenyewe. Hapa pana tofauti kubwa na ngoma nyingine: hakuna kamba ya kuvuta wala kulegeza. Kitu cha kuirekebishia sauti ni joto. Kabla ya kupiga, ngoma huanikwa juani au husogezwa karibu na moto wa majani makavu, unyevu ukatoka na ngozi ikakaza. Usiku wa umande au siku ya mvua, utawaona wapigaji wakiacha kucheza kila baada ya muda ili warudi motoni. Mgeni huenda akadhani wanaota moto kwa baridi, kumbe wanatafuta sauti.

VIGANJA VINAVYOSEMA

Upigaji wa ngoma ndefu una maarifa yake. Kiganja kizima kikitua katikati ya ngozi, hutoka sauti nzito ya chini. Vidole vilivyokusanywa vikigusa ukingoni na kuruka mara moja, hutoka sauti ya wazi. Vidole vilivyolegezwa vikichapwa ukingoni, hutoka ule ukali tuliousema. Kwa sauti hizo chache mpigaji hodari hupanga maneno, akauliza na kujibu, akamwita mchezaji mmoja mmoja atoke uwanjani.

Aidha, ngoma hii haikuwa ya kupitishia wakati tu. Katika Buganda, engalabi hupigwa katika sherehe za mapacha na za kumaliza matanga, hata imekuwa desturi kwa mtu anayekwenda kwenye shughuli hizo kusema kwamba anakwenda kwenye engalabi. Jina la ngoma limekuwa jina la wajibu. Isukuti nayo husikika wakati wa kuzaliwa mtoto, wa kutahiriwa vijana, wa arusi, wa mazishi na wa kumkaribisha mgeni wa heshima. Siku hizi imeingia hata kwenye viwanja vya mpira. Mashabiki wa AFC Leopards, klabu iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya, hawawezi kufikiriwa bila isukuti. Ngoma iliyomwimbia babu kaburini inamwimbia mjukuu golini, na hatuoni ubaya wo wote hapo.

Lakini umaarufu si uzima. Mwaka 2014 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, yaani UNESCO, liliiandika isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Iko orodha nyingine ya heshima, lakini isukuti iliwekwa katika hii ya hatari. Sababu zilizotajwa zinatuhusu sote: wajuzi wengi ni wazee wasio na warithi, watunzi wanakimbilia muziki wenye fedha, watazamaji wamepata burudani nyingine, na vifaa vya kuundia ngoma na mavazi havipatikani kwa urahisi. Sababu hiyo ya mwisho, ya vifaa, ndiyo inayoturudisha kwa kenge. Kabla ya kumfikia, hata hivyo, tumwangalie kwanza yule mgeni wa Magharibi.

MGENI KUTOKA MAGHARIBI

Djembe ni ngoma ya Wamandinka na jamaa zao wa Guinea, Mali na nchi za jirani. Matamshi ya jina lake ni yale yale ya jembe letu la kulimia, ingawa haina uhusiano nalo. Umbo lake ni kama kinu: juu pana, kiunoni pembamba, chini wazi. Nayo huchongwa kwa gogo moja, nayo hupigwa kwa viganja, na sauti zake kuu ni tatu, ya chini, ya wazi na ya ukali. Mpigaji wa fumbo akipewa djembe hatapotea.

Tofauti ziko mbili. Ya kwanza, djembe huwambwa ngozi ya mbuzi. Ya pili, ngozi hiyo hukazwa kwa kamba zinazoshuka ubavuni, hata mpigaji aweza kuipandisha sauti kwa kuzivuta kamba pasipo kutafuta moto. Zamani kamba hizo zilikuwa za ngozi. Siku hizi ni za viwandani, zikishikwa na pete za chuma. Wamandinka hawakulia kwamba ngoma imekufa kwa kuwa kamba imebadilika.

Safari ya djembe duniani ilianza jukwaani. Mwaka 1952 Fodéba Keïta wa Guinea aliunda mjini Paris kundi la Les Ballets Africains, likazunguka nchi nyingi likionyesha ngoma na michezo ya nyumbani. Guinea ilipopata uhuru mwaka 1958, kundi hilo likawa la taifa. Wapigaji wake wakawa walimu. Ladji Camara akafundisha Marekani tangu miaka ya 1960, na Mamady Keïta, aliyefariki mwaka 2021, akafungua shule Ubelgiji na kuwafundisha wanafunzi wa mabara mbalimbali. Leo djembe huundwa na kuuzwa hata Uganda yenyewe, na mafundi wa Mpambire, kwenye barabara ya Kampala kwenda Masaka, huziweka kando ya njia pamoja na ngoma za Kiganda.

Tukitafuta siri ya ushindi huo tutaona kwamba ni watu wawili waliosaidiana, mwalimu na mbuzi. Mwalimu alikwenda na ngoma kila alikokwenda. Na mbuzi yuko kila mahali; ngozi yake haihitaji ruhusa ya mtu.

KENGE NA SHERIA

Ngoma yetu haikubahatika hivyo. Msafara wa mamba na kenge wamo, husema Waswahili, na katika msafara wa wanyama wanaolindwa kenge naye yumo. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe pori, uitwao CITES, ulitiwa sahihi Washington mwaka 1973. Kenya ilijiunga mwaka 1978, na Uganda mwaka 1991. Kenge wa mtoni ameandikwa katika orodha ya pili ya mkataba huo, ile ya wanyama ambao biashara yao haikukatazwa kabisa lakini haiwezi kuvuka mpaka pasipo vibali. Zaidi ya hayo, kila nchi ina sheria yake. Ya Kenya ni ya mwaka 2013 na ya Uganda ni ya mwaka 2019, na kwa zote mbili kumwua mnyama wa pori au kumiliki kiungo chake bila idhini ni kosa.

Fikirini basi hali ya kikundi cha ngoma kutoka Tororo kilichoalikwa arusini Busia ya Kenya, mwendo wa saa moja tu kwa gari. Tangu mwaka 2018 Busia ina kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo msafiri hukaguliwa mara moja tu katika nchi anayoiingia. Ni neema kubwa kwa wenye malori na kwa mama wauza nyanya. Lakini mpiga ngoma anayebeba ngozi ya kenge begani yuko katika hali nyingine. Kwa macho ya shangazi wa bibi arusi amebeba furaha. Kwa macho ya sheria amebeba kiungo cha mnyama anayelindwa. Naye huenda hana habari yo yote, kwa kuwa ngoma aliirithi kwa babu yake.

Hatuandiki haya ili kuilaumu sheria. Ngozi za kenge hutafutwa na biashara kubwa ya viatu na mikoba, na pasipo ulinzi mnyama huyu angeweza kumalizwa kwa faida ya watu wachache. Isitoshe, makao yake yanapungua. Mabonde ya mito iteremkayo kutoka Mlima Elgon na kuingia Mpologoma, ambayo zamani yalikuwa mafunjo matupu, sasa sehemu zake nyingi zimelimwa mpunga. Mpunga ni chakula cha watu, na hatuwezi kuulaani. Lakini kinamasi kikiondoka kenge naye huondoka, na kisha hapatakuwa na la kubishania, wala ngozi wala sheria.

Vilevile haitakuwa haki kumweka fundi wa kijijini katika kapu moja na mfanya biashara wa mikoba. Ngoma moja huhitaji ngozi moja, na ikitunzwa vizuri hudumu miaka mingi.

SHAURI LETU

Wapo wazee wanaoshikilia kwamba ngoma ndefu bila ngozi ya kenge si ngoma ndefu. Tunawaheshimu, kwa sababu masikio yao yanajua wanachokisema. Sauti ya mbuzi si sauti ya kenge. Hata hivyo tunaomba wapime jambo moja. Urithi waliopewa na baba zao umo katika mambo matatu: gogo, ngozi na mkono. Gogo laweza kupatikana tukipanda miti. Ngozi yaweza kubadilishwa. Lakini mkono, yaani mapigo yenyewe, mpango wake, maana yake na wakati wake, ukizikwa na mzee haufufuki tena. Kwa hiyo tukilazimika kuchagua la kushikilia, tushikilie mkono.

Ngozi ya mbuzi mchanga, ikikwanguliwa vyema mpaka ikawa nyembamba na kuwambwa kwa kukazwa sana, huikaribia ile sauti kali kuliko ngozi nyingine za mifugo. Wapo mafundi wanaoitumia tayari, na kijana aliyejifunzia juu yake atakuwa amejifunza mapigo yale yale. Ngoma za kale zenye ngozi ya kenge na zibaki, ziandikishwe kwa maofisa wa wanyama pori na kupewa karatasi, zitumike kwa shughuli zile ambazo mila inazidai. Hilo laweza kufanywa pande zote mbili za mpaka bila kuivunja sheria yo yote, mradi wahusika wakae kitako wakasemezane. Nao maofisa wa utamaduni wawaendee mafundi na kuwaeleza sheria kwa lugha yao, kabla askari hajawaeleza kwa lugha yake.

Halafu kuna shule. Watoto wa Busia na Tororo hupiga ngoma kwenye mashindano ya muziki, lakini mara nyingi hujifunza wiki chache tu kabla ya siku yenyewe, kisha ngoma hurudishwa ghalani. Ingefaa mzee ajuaye aitwe shuleni mwaka mzima, apewe heshima ya mwalimu na posho ya mwalimu. Mamady Keïta hakuwa na siri nyingine. Alikaa na wanafunzi.

Kazi ya kuorodhesha ilikwisha kuanzwa na waliotutangulia. Mwaka 1953 Margaret Trowell na Klaus Wachsmann walichapisha kitabu kikubwa cha kazi za mikono za makabila ya Uganda, ngoma zikiwamo, na katika Jumba la Makumbusho la Uganda mjini Kampala mtu aweza kuziona ngoma ndefu zikiwa zimesimama. Tunashukuru kwamba zipo. Lakini ngoma iliyosimama makumbushoni haihitaji jua wala moto, kwa sababu hakuna anayeipiga. Afadhali ile iliyoanikwa uani Busia, ina ngozi ya mbuzi, na mtoto amekaa kando yake akingoja ikauke apate kuijaribu.